Kabureta ya Shemeji

Ugomvi wa kabureta nyumbani kwetu ulianzia kwenye sufuria. Ni ile sufuria kubwa ya Mama Mkwe, anayopikia wali wa nazi Ijumaa wageni wakiwa wengi. Mume wangu aliitia petroli, akaloweka humo kabureta ya Volkswagen ya marehemu baba yake, akaiweka kwenye baraza ya nyuma, na jiko la mkaa likiwaka hatua chache kutoka hapo. Niliibeba kwa mikono miwili hadi nyuma ya choo cha uani, ndipo nikarudi kusema niliyokuwa nayo. Petroli haingoji kuguswa na moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, ukalifuata jiko lilipo. Hili nalitanguliza mbele ya habari nyingine zote: kwenye nyumba yenye gari linalofufuliwa uani, petroli na jiko visikae chini ya paa moja, hata kwa muda wa kusafisha jeti tu.

"Mama watoto, ni mara moja tu," alisema.

"Nyumba huungua mara moja tu, baba watoto."

Mama Mkwe hakutia neno. Aliitazama sufuria yake, akaenda sokoni kununua nyingine, na ile ikawa mali ya gari mpaka leo.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1966, injini ya 1300, namba ya injini hiyo ikianza na herufi F. Marehemu alikuwa karani wa shamba la mkonge hapa Tanga. Alilinunua likiwa limeshatumika, akaliendesha mpaka macho yalipomkataa. Alipenda kuwasimulia wanawe kwamba Volkswagen ya aina hiyo ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962, wakati wenye magari makubwa walikuwa wamekwama kwenye tope. Alipofariki, gari lilibaki chini ya mwembe. Kuku walitaga kiti cha nyuma. Wanunuzi walikuja, na Mama Mkwe aliwakaribisha chai wote, akawarudisha wote.

Kisha mjukuu wake wa Lushoto akaposwa. Mama Mkwe kwao ni huko huko Usambara. Akatamka mbele ya wanawe kwamba safari hii atakwenda kwao na gari la mume wake, si kwa basi. Neno likishatoka kwa mama namna hiyo, watoto hawana la kujadili. Mume wangu akatafuta fundi.

Fundi wa mtaani aliliwasha likawaka, lakini halikutulia saileni, yaani mguu ukiwa haujakanyaga mafuta. Lilipanda, likashuka, likazima. Akaishika kabureta, akatikisa ile shafti inayobeba kibati cha duara kinachofunguka mtu akikanyaga mafuta, ikacheza. Hapo alikuwa sahihi: shafti ikilegea, hewa huingia pembeni bila kupita penye petroli, na injini hupata mchanganyiko mwepesi mno. Akasema kabureta imekufa. Hapo sikukubaliana naye, kwa kuwa tundu lililolika hutiwa bushi, lakini mwanamke anayesema hivyo gereji huulizwa kwanza chai iko wapi.

Shemeji yangu mdogo ndiye aliyemaliza mjadala. Anafanya kazi Dar es Salaam, na anampenda mama yake kwa dhati. Alifika Jumamosi na boksi jipya, ndani yake kabureta inayong'aa, 34 PICT-3, aliyouziwa katika duka moja la spea huko huko Dar.

"Kaka, hii ni kubwa kuliko ile ya mzee," alisema. "Mlima wa Soni utaupanda bila kubadilisha gia."

Mama Mkwe alimwombea dua. Nani angesimama hapo aseme kwamba zawadi haifai? Mume wangu aliipokea kwa mikono yote miwili, na alifanya kama inavyompasa kaka mkubwa. Lakini ile kabureta haikuwa ya injini ile, na sababu zake nataka nizieleze vizuri, maana nimeona watu wengi wenye magari ya zamani wakiumia kwa jambo hili hili.

Ya marehemu ilikuwa 30 PICT-1. Namba hizo, 30 na 34, ni upana wa koo kwa milimita pale kilipo kile kibati. Juu yake koo hubanwa: milimita 24 kwenye ile ya zamani, 26 kwenye ile mpya. Penye mbano ndipo kazi inapofanyika. Hewa ikilazimika kupita penye wembamba huongeza mwendo. Ikiongeza mwendo, shinikizo lake hushuka. Na mshuko huo ndio unaoivuta petroli itoke kwenye jeti na kuchanwachanwa iwe ukungu. Kabureta haisukumi kitu. Injini ndiyo inayovuta. Silinda nne zenye jumla ya cc 1285 huvuta kiasi chao, na ukizipa koo pana kuliko stahili yao, hewa hupita kwa uvivu na petroli hutoka kwa matone makubwa.

Ile 34 PICT-3 ilitengenezewa injini ya 1600, cc 1584, ya miaka ya 1970 mwanzoni, ambayo kila kichwa chake cha silinda kina matundu mawili ya kuingizia hewa, moja kwa kila silinda. Manifoldi yake, yaani njia inayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, ni ya vipande vitatu: bomba la kati, na vipande viwili vya alumini pembeni, vikiunganishwa kwa mipira. Injini yetu ina tundu moja kila kichwa, silinda mbili zikigawana, na manifoldi ni bomba moja refu lililogawanyika kulia na kushoto. Bomba hilo ni jembamba kwa makusudi, ili mchanganyiko uende mbio na petroli isipate nafasi ya kutua kwenye kuta zake. Mdomo wa manifoldi ni mdogo kuliko mdomo wa kabureta mpya, na stadi mbili zinazoishika kabureta zimekaa kwa umbali mwingine kabisa. Yaani hata bila hesabu yoyote, vitu vyenyewe vilishasema havioani.

Fundi hakuvisikiliza. Alichukua tupa ya mviringo akayachonga matundu ya kabureta mpya yawe marefu, mpaka stadi zikaingia. Zipo bamba za kuunganishia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na hata hizo hazipanui manifoldi, lakini walau hazivuji. Matundu ya tupa yalifika ukingoni mwa uso wa kukalia gasketi. Na gasketi yenyewe haikuwepo.

"Leta karatasi ngumu," fundi alimwambia mwanangu wa darasa la nne.

Mtoto alileta jalada la daftari la upatu.

Kwa wasiomfahamu Mama Mkwe: ni kijumbe wa upatu wa kinamama wa mtaa wetu tangu kabla sijaolewa. Daftari lile ndilo lenye majina na zamu za kupokea. Jalada lilikatwa duara katikati, likapakwa silikoni, likafungwa chini ya kabureta. Ukurasa wa kwanza, wenye orodha ya zamu, ulitumika kufutia mikono. Kinamama walipokuja na michango yao walikuta daftari halina uso na linanuka petroli. Mama Mkwe aliikariri orodha kwa kichwa mbele yao wote, jina baada ya jina, nami nikaiandika upya kwa penseli. Ilifika mahali kinamama wawili wakadai mwezi ule ule. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliamini anavyokumbuka. Palizuka maneno, na maneno ya pesa kati ya majirani hayazimwi kwa kikombe cha chai. Mama Mkwe akatoa zamu yake mwenyewe, ambayo alishaipangia nguo za harusi, ili wote wawili wapate. Akalifunga daftari na kanga ya zamani, akaingia chumbani kwake. Jioni ile mume wangu hakula. Nilimwona amesimama nje ya mlango wa mama yake kwa muda mrefu kabla hajabisha hodi.

Sijui kama wanaume wanaohangaika na magari haya wanafahamu ni vitu vingapi vya nyumba huingia ndani ya injini. Nawaomba wafahamu.

Kabureta ikafungwa, gari likawaka, na moshi mweusi ukajaa uani. Lilizima kila mguu ulipotoka kwenye mafuta. Hapa palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitazama: umeme. Gari la 1966 ni la volti 6. Kabureta mpya ina vitu viwili vya umeme vilivyotengenezwa kwa volti 12. Cha kwanza ni kizibo kinachofungua njia ya petroli ya saileni pale swichi inapowashwa. Kwa volti 6 hakina nguvu ya kujivuta, kwa hiyo njia ile ilibaki imezibwa. Cha pili ni choki, inayofunguka kadiri kipande chake cha ndani kinavyopashwa joto na umeme. Nusu ya volti haitoi nusu ya joto, hutoa robo. Choki ikawa inabaki imefumba muda mrefu injini ikiwa imeshapata moto, na plagi zikawa nyeusi tititi. Fundi alidhani ni marekebisho. Akakaza skrubu inayozuia kibati kisifunge, mpaka injini ikanguruma juu na kukaa. Kwenye kabureta ile skrubu hiyo si ya kuguswa. Saileni yake hupangwa kwa skrubu nyingine kubwa ya pembeni inayopitisha hewa. Lakini ngurumo ilimridhisha kila mtu, na siku ya safari ilishafika.

Kutoka Tanga mpaka Segera, Korogwe, hadi Mombo, gari lilikwenda. Barabara tambarare, mguu umekanyaga, hewa ina mwendo: hata kabureta isiyofaa huonekana inafaa hapo. Mama Mkwe alikaa mbele, kanga mpya begani, akitutajia mashamba ya mkonge aliyofanyia kazi mumewe. Sikupata kumwona amefurahi vile tangu msiba.

Mombo ndipo mlima unapoanza. Barabara ya kwenda Lushoto inapinda na kupinda kandokando ya bonde, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Gari lilianza kukohoa. Mume wangu akarudisha gia ya pili, likavuta kidogo, likazima. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulipongoja kidogo likawaka lenyewe bila kufanyiwa lolote, likaenda, likazima tena. Ikawa hivyo mpaka karibu na Soni, likakataa katakata, na mtoto akaanza kulia kwa baridi.

Mzee mmoja aliyevaa koti zito alitoka kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara. Mama Mkwe alishuka, wakasalimiana Kisambaa kwa kirefu, wakaulizana ukoo. Zamani alikuwa dereva na fundi wa magari ya misheni. Alifungua mlango wa injini nyuma, hakushika spana wala bisibisi. Aliweka kiganja kwenye manifoldi, akaniita mimi niliyekuwa karibu.

"Mama, njoo ushike hapa."

Bomba lilikuwa baridi la kuuma vidole. Lilikuwa limelowa umande kote, na chini kidogo ya kabureta umande ule umeganda, ukaweka utando mweupe ambao niliukwangua kwa ukucha. Barafu, wakati injini pembeni yake huwezi kuigusa kwa moto.

Alitueleza taratibu. Petroli inapogeuka mvuke huchukua joto la kila kinachoizunguka. Hewa ikiwa na ukungu, maji yaliyomo huganda pale pale kwenye kibati na kwenye bomba, hata kama nje baridi haijafikia ya kugandisha kitu. Njia ya hewa huzibika, gari huzima. Likisimama, joto la injini huyeyusha barafu, likawaka. Waliolitengeneza walilijua hilo, ndiyo maana chini ya manifoldi kuna bomba jembamba jingine linalopitisha moshi wa moto kutoka kwenye eksozi ili kuipasha. Akalishika hilo nalo. Baridi. Lilikuwa limeziba kwa masizi ya miaka mingi. Marehemu aliendesha Tanga, kwenye joto, hata kama liliziba mapema hakuwa na namna ya kujua.

Kisha akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha kuzunguka kitako cha kabureta huku mume wangu akiliwasha tena. Akampa mtoto naye asikilize. Mtoto aliacha kulia. "Bibi, panafyonza!" Ni pale tupa ilipokula uso wa chuma. Silikoni ilikuwa imeshalainika kwa petroli na kuanza kumeguka; vipande vyake vilikuwa njiani kuelekea kwenye valvu. Mafundi wengi hunyunyizia petroli kutafuta mvujo kama huo, injini ikiwa inawaka. Mpira wa maji hauunguzi mtu.

"Na hapa juu hewa ni nyepesi," mzee aliongeza. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, shinikizo la hewa limepungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Tanga, na jeti inayotosha pwani huku humwaga petroli iliyozidi. Kwa kabureta iliyokuwa ikizidisha petroli tangu pwani, hilo lilikuwa tatizo juu ya tatizo.

Harusini tulifika kwa Noah ya abiria, Mama Mkwe amempakata mwanangu, gari la mumewe limebaki Soni chini ya turubai. Hakulaumu. Ila alipoulizwa na ndugu zake amekuja na nini, alijibu, "Nimekuja na wanangu," akabadilisha mazungumzo.

Kazi ya kweli ilifanyika baada ya hapo, na iliwaunganisha ndugu wawili kuliko nilivyotarajia. Kabureta ya zamani ilikuwa bado juu ya kabati la vyombo, imefungwa gazetini pamoja na skrubu zake, kwa kuwa Mama Mkwe hatupi kitu kilichoshikwa na mkono wa marehemu. Mume wangu aliipeleka kwenye karakana ya kukereza vyuma hapa Tanga, matundu ya shafti yakapanuliwa na kutiwa bushi za shaba zilizokerezwa kwa kipimo chake. Uso wake wa chini ulikuwa umepinda kwa kukazwa sana. Tulikagua kwa rula ya chuma na tochi nyuma yake, mwanga ukapenya katikati. Tukatandika msasa juu ya kioo, tukausugua taratibu kwa mizunguko mpaka mwanga ukakatika. Kioo nilikitoa mimi kwenye kabati la vyombo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Choki yake ni ya volti 6, tangu kiwandani. Shemeji alikuja kutoka Dar kwa gharama zake na gasketi sahihi ya 30. Alikuwa amenyong'onyea, alimwendea mama yake, akapiga magoti, akataka kuomba radhi kwa habari ya upatu na ya harusi.

"Mwanangu, inuka," Mama Mkwe alimwambia. "Pesa yako haikupotea. Kabureta yako ina injini yake, ila siyo hii."

Soni walikwenda pamoja kwa basi. Mzee wa koti aliifungua manifoldi, akasokota waya wa breki ya baiskeli kwenye drili akausukuma ndani ya lile bomba jembamba, akalipasha moto kwa gesi, akausukuma tena. Masizi yalitoka kama mkaa wa kusaga, hadi hewa ikapenya upande wa pili. Wakafunga kabureta ya marehemu, stadi zikaingia bila kulazimishwa. Skrubu ya mchanganyiko walifunga polepole mpaka ikagusa, wakafungua mzunguko mmoja na nusu, wakamalizia kwa sikio. Baada ya muda mfupi mzee aliweka kiganja kwenye lile bomba la kupasha, akakiondoa haraka. Lilikuwa linaunguza.

Walishuka nalo Mombo, wakafika Tanga usiku, likasimama uani likiwa saileni huku Mama Mkwe akilisikiliza dirishani. Mwezi uliofuata alikwenda nalo Lushoto kumjulia hali mjukuu wake, akalala huko wiki, akarudi nalo. Zamu ya upatu wanawe walimrudishia kamili.

Ile 34 PICT-3 tunayo bado, na matundu yake yamejazwa na kuchongwa upya. Msomaji mwenye Beetle ya 1600 ya matundu mawili kila kichwa na umeme wa volti 12, kabureta hiyo ni stahili ya gari lako. Mwenye 1300 ya volti 6 asiichukue, hata akipewa bure na ndugu anayempenda. Tazama kwanza herufi ya injini yako, pima mdomo wa manifoldi, pima umbali wa stadi, kisha weka kiganja kwenye bomba la kupasha injini ikiwa imepata moto. Likiwa baridi, zibua hilo kabla hujanunua chochote.